Anti, wanataka nipake ripoti rangi na kazi inaningoja mlangoni

Anti salamu sana, natumai uko poa. Naomba jina langu lisitoke juu hii sekta yetu ni ndogo, watu wa tathmini ya elimu hapa Nairobi tunajuana wote, kama si kwa sura basi kwa imeili, na hii maneno bado inaendelea.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja na mume wangu, naelekea miaka arobaini. Nilianza kama mwalimu wa praimari, nimeajiriwa na TSC na kila kitu, nikafundisha darasa la pili na la tatu huko Machakos. Alafu wakati ule miradi ya kusoma ilikuwa imejaa kila mahali nikachukuliwa na mradi mmoja niwe nazunguka shule nikipima watoto, unajua ile ya kumpea mtoto karatasi asome na wewe umeshika saa unahesabu amesoma maneno mangapi kwa dakika. Nikaipenda Anti. Ukikaa dawati moja na mtoto wa darasa la tatu anayesoma herufi kwa herufi na jasho linamtoka, kuna vitu unaelewa kuhusu shule zetu hakuna mtu wa ofisini atakuelezea. Nikaacha TSC, nikasoma masters jioni, nikapanda hadi nikawa ndio mtu wa data. Nyumbani walisema nimerogwa kuacha kazi ya serikali lakini mshahara ulipoanza kuonekana wakanyamaza.

Januari 2025 ikafika. Wewe na kila mtu Nairobi mnajua venye ilienda, Marekani ikasimamisha misaada, tukapata imeili ya kuweka kalamu chini, wengine wakasema ni ya siku 90 tu tutarudi, hadi Julai USAID yenyewe ikafungwa. Ofisi nzima ikaenda nyumbani. Aliyekuwa bosi wangu sasa anauza mayai kwa jumla huko Ruai na simcheki, ananishinda mapato.

Tangu hapo najitegemea kama konsaltanti. Leo una kazi ya wiki mbili alafu kimya hadi unaanza kushuku labda ni laini yako imezimwa. Pesa inakuja baada ya miezi na ikifika KRA wameshakata asilimia 5 yao ya kodi. Hapo katikati nimekuwa nikisaidia wanafunzi wa masters kuelewa data zao, wengine wanataka niwaandikie sura ya nne na ya tano yote wapeleke kama yao, hao huwa nawaambia niko bize. Kazi kubwa huwa napewa na Daktari mmoja aliyenifundisha chuo, ana kampuni ndogo ya konsaltansi. Jina lake ndilo linashinda tenda, miguu yangu ndiyo inakanyaga matope.

Sasa shida ni hii. Daktari alipata kazi ya kutathmini programu ya kusoma ya shirika fulani, sitalitaja. Wanafanya kazi na shule za mtaani, zile watu wa elimu wanaita APBET, Mukuru na Kibra. Wanaajiri wasichana waliomaliza fomu foo hawana kazi, wanaingia darasani kama wasaidizi, wanachukua watoto walioachwa nyuma wanawafundisha kwa vikundi vidogo. Upimaji wa kwanza ulifanywa na kampuni ingine mwanzo wa 2024, sisi tukafanya wa mwisho. Mimi ndiye niliongoza. Nilifundisha inumereta, wale wanaoenda shuleni kupima watoto, tukapima shule za programu na shule za kulinganisha, yaani zisizo na programu, nikachambua. Watoto wa programu wamepanda, ndio. Lakini wa shule za kulinganisha pia wamepanda, karibu sawa. Tofauti ni maneno mawili matatu kwa dakika na hata hayo huwezi kusema kwa uhakika si bahati tu. Nimerudia hesabu hadi naziota.

Nikaandika drafti hivyo hivyo, Daktari akaipitisha, shirika wakakaa nayo weee, alafu tukaitwa mkutano huko Kilimani. Waliongea kwa upole sana Anti, chai na samosa ziko mezani, ati ripoti ni nzuri lakini haijaonyesha picha yote. Wanataka lile jedwali la kulinganisha liende kwa viambatisho huko nyuma, muhtasari uanze na vile watoto wa programu wamepanda, na ile sentensi ya "hakuna tofauti ya uhakika" itoke kabisa. Juu mfadhili anasoma kurasa mbili za kwanza tu, na ndiye anaamua karibuni kama kutakuwa na awamu ya pili. Na nusu ya pesa yetu inatoka wakishaikubali ripoti.

Tukitoka, kwa lifti, mkurugenzi wa programu tukiwa sisi wawili akaniambia awamu ya pili ina nafasi ya meneja wa utafiti na tathmini, kontrakti ya miaka mitatu, bima ya familia, na wao wakifikiria mtu wanafikiria mimi. Hakuunganisha hayo mambo mawili. Lakini mimi si mtoto.

Daktari anasema hatubadilishi namba hata moja, tunabadilisha mpangilio tu, na kila ripoti inayotoka Nairobi imepitia hapo. Baba watoto anasema ukweli wangu haulipi karo, na mkubwa wetu ako Gredi 9, Januari anaingia sinia. Alafu kuna msichana mmoja msaidizi wa Mukuru kwa Reuben, analea mtoto peke yake, siku ya mwisho ya kupima alinisindikiza hadi steji akaniuliza "madam, mwakani tutaendelea?" Sikuwa na jibu.

Saa zingine naona niachane na haya yote nirudi darasani, ama nitafute PhD niingie chuo nifundishe. Nikikataa nitakuwa nimefunga programu na hao wasichana wakose kazi. Nikikubali mimi ni mwongo na nitakuwa mwongo mwenye bima ya familia. Mkutano ni wiki ijayo. Nisaidie kufikiria Anti.

Mwalimu wa Zamani, Umoja

ANTI ANAJIBU

Mwalimu, asante kwa barua, na pole. Nimeisoma jana usiku nikairudia asubuhi kabla sijapika chai, manake mara ya kwanza niliona ni barua ya "niseme ukweli ama nile", na mara ya pili nikaona haiko hivyo, ama niseme haiko hivyo tu.

Ngoja nikurudishie nilivyoelewa. Umepima, umepata jibu ambalo shirika halikulitaka. Shirika linaomba jibu lisogezwe nyuma na sentensi moja ifutwe. Malipo yenu yanangoja ripoti ikubaliwe. Kazi nzuri inaning'inia pembeni, na iko tu kama hiyo programu itapata pesa tena. Mwalimu wako wa zamani anasema ni kawaida, mzee nyumbani anasema karo, na msichana wa Mukuru amekuuliza swali limekukaa kifuani. Na wewe umeyafunga yote kwa kamba moja ukajiuliza, nibebe ama niangushe? Mimi nataka kwanza tufungue hiyo kamba.

Tuanze na matokeo yenyewe, kabla hata ya kuuliza nani mwongo. Wewe umeandika kama kwamba "hakuna tofauti" maana yake programu haikufanya kitu. Shirika nao wameshtuka kwa sababu wameelewa hivyo hivyo. Lakini hebu angalia hizo shule za kulinganisha. Hazikuwa zimekaa bure zikingoja kupimwa! Tusome, ule mradi mkubwa wa kusoma, ilianza nchi nzima 2015, kila mtoto wa madarasa ya chini na kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, na iliingia hadi shule za APBET, si za serikali peke yake, na vitabu na mwongozo wa mwalimu havikuyeyuka kwa sababu wafadhili wameondoka. Tena Mukuru na Kibra wewe unazijua kuniliko, ukitupa jiwe linaangukia mradi wa mtu. Kwa hivyo ulichopima ni programu hii ikilinganishwa na chochote ambacho majirani walikuwa wanapata. Hilo ni swali la maana sana lakini ni swali tofauti na "je, hawa wasichana wanafundisha watoto kusoma". Mfadhili anajua tofauti ya hayo maswali mawili? Ripoti yako inamwambia?

Alafu kuna hili lilinifanya niweke kikombe chini. Upimaji wa kwanza ulikuwa mwanzo wa 2024. Aprili na Mei mwaka huo huo mafuriko yalipiga Nairobi, na baadaye nyumba za kando ya mito zikabomolewa, Mukuru ikiwemo. Familia zilihama na matandiko kichwani. Sasa wale watoto waliopimwa mwanzoni, uliwapata? Ulipima watoto walewale ama darasa lilelile lenye watoto wengine? Na kama shule za programu zilikuwa karibu na mto kuliko zile za kulinganisha, ama kinyume, hapo namba zinasema kitu kingine kabisa. Na hao wasaidizi wenyewe, walifika darasani siku ngapi kwa zile zilizopangwa? Walilipwa kwa wakati? Sikwambii haya ndiyo majibu. Hayo yanaweza kuwa sababu, yanaweza kuwa visingizio, na mtu mmoja mwenye data ya kutofautisha ni wewe. Naona tu barua yako ndefu hivi imetaja hesabu mara nyingi na haijataja hata mara moja kwa nini.

Pili, umeniambia ukikataa "utakuwa umefunga programu". Nani amekuambia? Mfadhili hajasema. Hiyo umeambiwa na watu wanaoogopa mfadhili. Inaweza kutokea, siwezi kukudanganya, pesa zimekauka na mtu anayetafuta sababu ya kukata ataipata kwa ripoti yako. Lakini hii nchi yetu ina historia ya matokeo ya "haikusaidia" ambayo hayakuwa mwisho wa mambo. Miaka ya 1990 huko Busia na Teso shule zilipewa vitabu, kila mtu akijua vitabu lazima visaidie. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapima, wakakuta kwa wastani alama hazikupanda, waliofaidika ni wale watoto waliokuwa juu tayari. Sababu mojawapo, vitabu vilikuwa vya Kiingereza na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza ni lugha ya tatu. Makala yao ilichapishwa 2009, na hakuna aliyesema basi watoto wasipewe vitabu. Watu walianza kuuliza mtaala umeandikiwa mtoto gani. Kremer alipopata Nobel mwaka 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, majaribio ya huko magharibi mwa Kenya yalikuwa sehemu kubwa ya hiyo safari.

Na wa hapa kwetu pia. Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na marehemu Mwangi Kimenyi walikuwa kwenye timu iliyopima walimu wa kontrakti. Shule zilizosimamiwa na shirika lisilo la serikali, watoto walipanda. Zilizosimamiwa na serikali, walimu wa aina ileile, kontrakti ileile, hakuna faida iliyoonekana. Hebu fikiria kupelekea wizara hiyo ripoti! Ilichapishwa 2018, na sehemu tamu zaidi ni pale watafiti walichimba kwa nini, hadi mambo kama mishahara kuchelewa. Lakini wacha niwe mwaminifu, hao walikuwa maprofesa wenye kazi zao, hawakuwa wanangoja nusu ya malipo ndio walipe karo. Sikuwekei mfano ili ujione mdogo.

Sasa tuje kwa yale maombi matatu ya Kilimani. Wewe umeyaweka gunia moja, na pengine ndio maana yanakulemea. Mteja kutoa maoni kwa drafti si rushwa, ni haki yake, kuna hata jedwali la kujibu maoni moja moja, wewe umelijaza mara nyingi. Muhtasari kuanza na kwamba watoto wa programu wamepanda? Wamepanda kweli, si ulisema mwenyewe. Swali ni sentensi inayofuata inasema nini. Jedwali kwenda kwa viambatisho? Ripoti nyingi nzuri zinaweka majedwali nyuma, msomaji wa kawaida hayataki, ila jedwali kuhama ni kitu kimoja na jibu lenyewe kuhama nalo ni kitu kingine. Kufuta ile sentensi, hapo ndipo hata mimi nimekaa wima kwa kiti.

Daktari amesema namba hazibadilishwi. Ni kweli. Lakini shirika limeshawaambia mfadhili anasoma kurasa mbili. Kwa hivyo mimi ningemuuliza hivi, kwa heshima yote: mtu akisoma hizo kurasa mbili pekee, na mwingine akisoma ripoti yote hadi mwisho, watatoka na jibu moja? Kama ndio, basi labda mpangilio ni mpangilio tu na umejitesa bure. Kama hapana, wewe unajua.

Kuna nafasi nyingine naona hujaitumia. Hadidu zenu za rejea, ile karatasi ya mteja ya kueleza kazi, sina, lakini kama ni za kawaida zina vile vigezo vya kupimia miradi vya OECD, ule muungano wa nchi tajiri, vilikuwa vitano tangu 1991 na 2019 wakaongeza cha sita. Athari ni kimoja tu. Programu inaweza kuwa dhaifu kwa athari na bado iwe inafaa mahali ilipo, ama inaendeshwa kwa bei nafuu, ama jamii imeipokea hadi wazazi wanachangia. Kama hayo ni kweli na una ushahidi yaandike kwa nguvu zote, shirika linastahili kusifiwa pale limefanya vizuri. Na kama wanaona umewakosea, wana njia yao halali, majibu ya menejimenti, yanaambatanishwa na ripoti yakiwa na jina lao. Hapo waseme hadithi yao yote kwa mdomo wao, wewe useme yako. Sijui kama watakubali. Wakikubali utapumua, wakikataa utakuwa umejifunza kitu kuhusu watu unaofikiria kuwafanyia kazi miaka mitatu.

Ukiamua kusimama na drafti ilivyo, hatari ni wazi. Pesa inaweza kuchelewa hadi msahau, Daktari anaweza kuacha kukupigia, na yeye ndiye mlango wako mkubwa. Kabla ya hapo soma kontrakti, nusu ya pili inalipwa ripoti "ikikubalika" kwa vigezo gani, ubora wa kazi ama kufurahisha mteja? Mara nyingi imeandikwa kuliko tunavyokumbuka. Ukiamua kutoa jina lako kwa ripoti, utalala, lakini ripoti itatoka hivyo hivyo na watoto uliowapima wewe. Kwenda kwa mfadhili moja kwa moja, wengine watakushauri hivyo kwa ujasiri mkubwa juu si wao watakaopata barua ya wakili, angalia kwanza kipengele cha usiri. Na ukiamua kukubali yote matatu, hatari si ya roho peke yake. Kibali cha utafiti cha NACOSTI kimetoka kwa jina la nani? Mwenye leseni anatakiwa kuwasilisha ripoti ya mwisho kwao. Data ziko kwa tableti, inumereta wanajua walichokiona, na sekta umesema mwenyewe ni ndogo. Kuna watu wamefanya hivyo na hakuna lililowapata, nisikutishe na jini ambalo huenda halipo. Lakini ni wewe utakayekaa ukijua jedwali liko ukurasa gani.

Ile kazi ya kwenye lifti. Umesema hakuunganisha. Inawezekana ni mtego, inawezekana pia ni mtu aliyekuona ukifanya kazi kwa matope na akakutaka kweli, tena ingekuwa ajabu asikutake. Hujui, na hutajua ukikaa kimya. Jiulize hivi, ukiingia hapo kwa mlango huu, endlaini, yaani upimaji wa mwisho, ya awamu ya pili ikija na jibu baya utaandika nini, na mkurugenzi atatarajia nini? Wengine huandika tu imeili fupi ya adabu, kwamba wamefurahi kufikiriwa lakini mazungumzo ya ajira yangoje ripoti ipokewe, na wanamwambia kiongozi wa timu mapema. Imeili kama hiyo inakulinda hata wewe ukiishia kuichukua kazi. Hatari yake, nafasi inaweza kumwendea mwingine. Tangu 2025 Nairobi imejaa watu wa data wenye watoto shuleni, hilo hakuna wa kukuficha.

Kurudi darasani na PhD nitayapitia haraka. TSC hawana kiti chako wamekiweka akiba, kuna vijana wamemaliza chuo miaka na wako kwa intanshipu wakingoja. Na walimu wa muda wa vyuo vikuu wanajua kungoja malipo kuliko hata nyinyi makonsaltanti. PhD ukiwa na swali linalokunyima usingizi ni kitu kizuri, na naona swali unalo tayari, kwa nini watoto wa shule zote mbili walipanda pamoja. Ukiitaka kama mahali pa kujificha, itakugharimu miaka.

Baba watoto usimgombeze. Yeye anahesabu karo na kuna mtu lazima aihesabu. Ila nyinyi wawili mmeongea kwa hasira ama kwa kalamu? Kaeni muone hiyo nusu ya malipo ikichelewa mtafika wapi, na bila hiyo kazi ya meneja mtafika wapi. Pengine ni pabaya kuliko unavyofikiri na utahitaji kujua hilo kabla ya kuingia mkutanoni. Pengine si pabaya hivyo.

Na yule msichana wa Mukuru. Nimemfikiria sana. Hakukuomba uandike kitu chochote, aliuliza kama wataendelea. Kama kuna kitu kwa mafunzo yao ama kwa ratiba yao kinachofanya kazi yao isionekane kwa namba, ripoti iliyofichwa haitakitengeneza kamwe. Lakini pia ripoti isiyofichwa inaweza kumkosesha mshahara mwezi wa tatu, na huo ni mshahara wa maziwa ya mtoto. Siwezi kukupimia hayo mawili nikiwa hapa kwa meza yangu.

Nimekumbuka kitu kingine, wale wanafunzi wa masters. Unawasaidia kuelewa data, lakini wakitaka uwaandikie sura nzima unakuwa bize. Hakuna aliyekulazimisha, pesa ilikuwepo, njaa ilikuwepo, na bado ulijua unaishia wapi. Ungewaambia nini wale watu wa Kilimani kama wangekuwa wanafunzi wako?

Kabla ya wiki ijayo fungua laptopu utafute jambo moja tu: kati ya watoto waliopimwa mwanzoni mwa 2024, ni wangapi mliwapata tena, shule za programu kando na za kulinganisha kando. Hiyo namba ingie nayo mkutanoni iwe imekuangukia vizuri ama vibaya. Na Daktari mpigie simu kabla, muongee nyinyi wawili, msikutane na haya maneno mkiwa mmeketi mbele ya samosa za watu. Kisha uniandikie ilivyoenda.